Kisu cha babu kimeandikwa "Sheffield England": je, kilifika Burma?

"Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, akarudi salama, akaendelea na jeshi mpaka miaka michache kabla ya Uhuru. Mwaka jana tulifungua sanduku lake la bati hapa Tanga, tukakuta kisu chembamba chenye makali pande zote mbili, mpini mweusi wa mviringo wenye pete pete, na ala ya ngozi ya kahawia yenye masikio manne. Kwenye bapa kumeandikwa William Rodgers, I Cut My Way, na chini yake Sheffield England. Babu mwenyewe hakuwa mtu wa kusimulia vita. Shangazi ndiye aliyetulea na hadithi kwamba kwa kisu hiki babu alimuua Mjapani msituni. Kaka yangu ameona mtandaoni visu kama hiki vinauzwa kwa pauni nyingi, anataka tukiuze. Binamu yangu naye kasomasoma huko huko, anasema ni feki kwa sababu vya asili havina maandishi. Shangazi amenuna, hazungumzi naye. Ncha imevunjika kidogo, chuma kina kutu, na karibu na mpini kuna kutu ya kijani. Je, ni feki? Babu alitudanganya? Na nikisugue kwa ndimu na msasa kabla ya kukipiga picha za mnunuzi? Nimeambatanisha picha tatu."

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, ndimu irudishe jikoni na msasa mrudishie seremala. Tutafika huko.

Nimesoma barua yako mara mbili na picha nimezikuza mpaka zikakatakata. Naona swali la chuma limefungwa kamba moja na swali la mzee wenu, na ndiyo maana shangazi amenuna. Binamu anaposema "feki", anachokisikia shangazi ni "baba yako alikuwa mwongo". Tuzifungue kamba hizo.

Kwa chuma jibu langu ni hili: kisu chenu si feki. Ni kazi halali ya Sheffield, mji wa Uingereza uliofua visu kwa mamia ya miaka. Lakini Burma hakikufika, kwa sababu babu yako alipokuwa Burma kisu hiki kilikuwa hakijazaliwa. Alama ya William Rodgers pamoja na maneno hayo ya kujigamba, kwamba "ninajikatia njia", kwenye kisu cha umbo hili ni alama ya biashara ya baada ya vita. Najua hilo litamuuma mtu nyumbani kwenu. Nisikilize kwanza kisu hiki kinatoka ukoo gani.

Kwa ukoo ni Fairbairn-Sykes, ambacho wakusanyaji hukiita F-S kwa kifupi. Majina hayo ni ya Waingereza wawili, William Ewart Fairbairn na Eric Anthony Sykes, waliojifunza ugomvi wa mtu kwa mtu walipokuwa na polisi wa Shanghai. Fairbairn aliingia polisi hiyo 1907, na vichochoro vya mji ule vilimfundisha mengi ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote cha jeshi. Mwaka 1940, Uingereza imebanwa na kuogopa kuvamiwa, wawili hao wakarudi kwao na kupelekwa Scotland kuwafundisha makomando namna ya kupigana kwa karibu. Walitaka kisu kitakachofanya jambo moja tu. Novemba ya mwaka huo wakaketi na watu wa kiwanda cha Wilkinson Sword, wakachora, wakabishana, na Januari 1941 visu 50 vya kwanza vikatoka.

Angalia neno hilo, jambo moja. Hiki ni kisu cha kuchoma. Ubao wake, yaani bapa la chuma, ni mwembamba, una mgongo katikati pande zote mbili, na unakwisha kwa ncha kama sindano. Hakifai kukata kuni, hakifai kufungua kopo, hakifai kuchimbua chochote. Askari, kwa kuwa ni binadamu, walikitumia kwa hayo yote, na ncha zikavunjika kwa wingi. Kwa hiyo ncha yenu iliyovunjika si ushahidi wa vita. Inaweza kuwa ushahidi wa kopo la maziwa.

Lile umbo la kwanza lilikuwa na kikingio, yaani kile chuma cha kulinda vidole kati ya mpini na ubao, kilichopinda kama herufi S. Ubao wake karibu na kikingio una sehemu bapa ya mraba, ambapo kiwanda kilichora jina lake upande mmoja na jina la kisu upande wa pili. Mwaka 1942 kazi ikarahisishwa: kikingio kikanyooka, ile sehemu bapa ikaondoka. Mipini ilikuwa bado ya shaba, imechongwa kwenye mashine na kutiwa michoro midogo ya kukatizana ili mkono usiteleze. Ilipofika mwisho wa 1943 likaja umbo la tatu, ambalo mpini wake ni aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na mahali pa ile michoro pana pete zinazouzunguka. Huo ndio mpini wenu. Kumimina ni kazi ya dakika na hakuhitaji fundi mwenye mkono mzuri. Vita ilikuwa inameza shaba na mafundi, na kisu kikabadilika kwa sababu hiyo. Hakuna aliyekaa chini akaona pete zinapendeza zaidi.

Ila umbo hilo la tatu halikufa vita vilipoisha. Kalibu zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na kisu kilikwisha kuwa na sifa duniani. Mpaka leo ni alama ya makomando wa Kiingereza, wanaivaa begani. Jeshi likaendelea kununua. Viwanda vya Sheffield navyo vikaona kuna wateja wengine kabisa: askari anayetaka kisu chake mwenyewe, baharia, mtalii, kijana aliyekulia kwenye hadithi za vita. Hao ndio waliouziwa visu vyenye majina ya madukani, na William Rodgers ni mojawapo ya majina hayo.

Sasa neno "England". Watu hudhani ni cheti cha uasili, kumbe kwa kisu cha namna hii ndilo linalokitoa vitani. Jeshi la Mwingereza halina haja ya kuandikiwa kwamba kisu chake kimetoka Uingereza. Anayehitaji kuandikiwa ni mnunuzi wa ng'ambo na afisa forodha wake. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziwe na jina la nchi zilikotoka, na wenye viwanda wa Uingereza wakazoea kupiga mhuri huo kwenye mali ya kuuza nje. Mali ya jeshi ina alama yake: mshale mdogo mpana, kama unyayo wa kuku, ukiambatana na herufi na namba ya mkaguzi. Na visu vingi halali vya umbo la tatu vya wakati wa vita vina mhuri mmoja mdogo tu kwenye kikingio, au namba ya kalibu kwenye mpini, au havina kitu.

Kwa hiyo binamu yako amepatia nusu. Hayo maandishi hayakai kwenye kisu cha vita. Ila amekosea kusema vya asili havina maandishi, maana vya Wilkinson vilikuwa nayo, na amekosea zaidi kwa hilo neno "feki".

Neno hilo kwetu limebeba mizigo mingi kupita kiasi. Kuna kisu kilichotengenezwa vitani kwa ajili ya vita. Kuna kilichotengenezwa baadaye na viwanda vile vile au ndugu zao, kwa umbo lile lile, kikauzwa waziwazi. Hicho ndicho chenu. Wamarekani wana mfano mzuri zaidi kwenye KA-BAR, kisu cha wanamaji wao kilichoanza kutumika mwishoni mwa 1942: kampuni yenye jina hilo ingali ipo na ingali inakitengeneza. Ukinunua leo una KA-BAR wa kweli, lakini hajawahi kuona Pasifiki. Halafu kuna igizo, kisu kipya kinachofuata umbo la zamani. Yanatengenezwa kwa wingi India na Pakistani, mengine kwa ustadi, kwa ajili ya maonyesho, filamu, na watu wasio na uwezo wa kununua cha asili. Sina ugomvi na igizo. Mwisho kuna ghushi, ambayo mara nyingi ni lile lile igizo lililopita mikono miwili mitatu: mmoja kalinunua kama igizo, wa pili kalilaza kwenye tindikali, kalipaka chai kwenye ngozi, kalifukia bustanini masika yote, kapiga mshale wa jeshi na tarehe, wa tatu kaliuza kwa machozi kwamba ni la marehemu baba.

Kwa sababu ya huyo wa pili, mimi siogopi kisu kisicho na alama. Naogopa chenye alama nyingi. Mghushi anajua mnunuzi anatafuta mihuri, basi anampa mihuri. Umbo la kwanza ndilo linaloghushiwa kuliko yote kwa kuwa ni adimu na bei yake ni kubwa. Mara nyingi ukilishika unaona mgongo wa katikati ya ubao umenyooka kama umepigwa rula, kwa sababu mashine ya leo haichoki. Wale wanoaji wa 1941 walikuwa wanasukuma chuma kwenye jiwe kwa mikono yao; mgongo unayumba kidogo, kona hazilingani, na visu viwili vya wiki moja si mapacha.

Wala kutu si umri. Nimeona kisu cha miaka 80 kinang'aa kwa kuwa kililala kwenye kabati kavu, na igizo la miezi sita lililooza kwa kuachwa karibu na bahari. Wewe uko Tanga, hewa yenu ina chumvi. Huko hata msumari wa juzi unaonekana wa enzi za Mjerumani. Na kwa kuwa nimemtaja Mjerumani: niliwahi kuletewa jambia lenye msalaba wa Kinazi, muuzaji akaapa lilidondoshwa kwenye vita vya Tanga. Vita vya Tanga ni Novemba 1914. Wanazi walishika nchi yao 1933. Nilimuuliza kama lilidondoka likirudi nyuma, hakucheka.

Tuje Burma, maana hapo ndipo mzigo ulipo.

Askari wa Afrika Mashariki waliopigana kule wengi walikuwa Divisheni ya 11, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru, na ndani yake mlikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36 za Keya. Walipitia Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakaingia vitani 1944, wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, kwenye tope na malaria, wakimsukuma Mjapani mpaka mji wa Kalewa, ambayo ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba mwaka huo, na mto Chindwin ukavukwa. Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya ya homa kiasi kwamba kulituma jeshi huko kipindi cha masika kulionekana kama kulitupa. Wazee wetu waliopigana Burma niliobahatika kuzungumza nao walinisimulia tope kuliko walivyonisimulia Mjapani.

Na mkononi walikuwa na nini? Bunduki na singe yake, na panga. F-S ilikuwa silaha ya makomando, ya wanaoshuka kwa miavuli na ya vikosi maalumu. Afisa mmoja mmoja angeweza kujinunulia, lakini askari wa kawaida wa Keya hakugawiwa. Panga lilikuwa kila kitu: la kufyeka njia, kukata mianzi ya kujengea, kuchimba, na likihitajika, la kupigania. Wenzao Gurkha kutoka Nepal walikuwa na khukuri, lile jisu lililopinda, na kwa khukuri pia kanuni ni hiyo hiyo: ni chombo cha kazi kwanza. Kwenye msitu wa Burma kisu kama chenu kingefanya nini? Hakifyeki hata nyasi.

Hapo ndipo nataka uiangalie upya picha yako ya tatu. Umepiga sanduku likiwa wazi, kisu kimelala juu ya koti. Kwenye kona ya chini kulia naona ubao mpana wa panga usio na mpini, mweusi, umeliwa upande mmoja kwa kunolewa. Hukulitaja hata kwa neno moja. Mapanga mengi ya jeshi la Mwingereza ya vita ile yalitengenezwa Uingereza, na mara nyingi yalipigwa jina la kiwanda, ule mshale, na mwaka, kama 1943 au 1944, karibu na mpini. Picha haioneshi kama lenu lina alama, na inawezekana kabisa ni panga la kukatia minazi tu lililonunuliwa dukani miaka ya sitini. Lakini kama kuna kitu ndani ya sanduku hilo kilichovuka bahari kwenda na kurudi, nitaanza kukitafuta hapo kabla ya kwenye kisu.

Na babu, je, alidanganya? Soma barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba hakuwa mtu wa kusimulia vita. Aliyesimulia ni shangazi. Kisu hakijasema kilikwenda Burma, na babu, kwa maandishi yako, hakusema pia. Mtu aliyepata kisu baada ya vita na kukihifadhi kimyakimya hajamdanganya yeyote. Shangazi naye sidhani ameongopa. Alikuwa mtoto, ana baba aliyerudi kutoka mbali na hasemi kitu, na kuna kisu ndani ya sanduku lisilofunguliwa. Mtoto ataviunganisha tu. Wewe na mimi tungeviunganisha vile vile.

Kisu kilimfikiaje? Njia ni nyingi. Umesema aliendelea na jeshi mpaka karibu na Uhuru, na hiyo ndiyo miaka ambayo visu hivi vilikuwa madukani. Maafisa wa Kiingereza walipoondoka waliacha vitu kwa askari waliowaamini. Bandari ya Tanga ilikuwa na mabaharia wanaouza chochote walichonacho mfukoni. Na iko njia nyingine ambayo nitaigusa kwa uangalifu: Keya wa Tanganyika, batalioni ya 6, walipelekwa Kenya miaka ya hamsini wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau. Kama babu alikuwa miongoni mwao, huenda kimya chake hakikuwa juu ya Burma peke yake. Simsingizii. Nasema tu kwamba maisha yake ya uaskari yalikuwa marefu kuliko vita moja, na kisu hiki kinaangukia kwenye nusu ile ambayo familia haikuiuliza.

Kwa hiyo usimwendee shangazi na majibu haya ukiyapunga hewani. Mwendee na simu yako, irekodi, muulize hadithi aliisikia lini, kwa nani, mara ya kwanza alikiona kisu wapi. Pengine atakumbuka nyumba, na nyumba itakupa mwaka. Kisha utafute karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi, namba yake ya askari, nishani kama zipo. Ukijua batalioni yake, shajara za vita za batalioni nyingi zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na mtu wenu aliyeko kule anaweza kwenda kusoma. Huko utapata siku kwa siku babu alikuwa wapi, hata kama jina lake halitajwi.

Sasa usafi. Ndimu ni tindikali. Itakula kutu, ndiyo, halafu itaendelea kula chuma, na ikigusa mpini wa zinki itakuachia madoa meupe yasiyotoka. Msasa utafuta mistari ya mnoaji, ule mwandiko wa mikono nilioueleza juu, na hata maandishi yenyewe, ambayo yamekaa kwenye ngozi ya juu tu ya chuma. Watu wameua bei ya vitu vyao kwa alasiri moja ya kusugua. Majivu na mchanga, hivyo hivyo. Na asitokee fundi wa kukuchongea ncha mpya. Kisu chenye ncha iliyovunjika ni kisu kilichoishi, chenye ncha ya kuchongwa upya ni kisu kilichoharibiwa.

Fanya hivi. Kitoe kwenye ala na kisirudi humo tena. Ngozi hutengenezwa kwa dawa zenye uchachu, na inanyonya unyevu wa hewa na kuushikilia ukutani mwa chuma usiku na mchana. Kisu kinachohifadhiwa ndani ya ala yake kinaliwa na ala yake. Ile kutu ya kijani nayo inakuambia kuna shaba hapo, ama kwenye kikingio ama tabaka jembamba lililopakwa juu ya mpini, na mafuta ya ngozi yameichokonoa. Itoe kwa kijiti cha mti laini, kama cha kuchokolea meno, taratibu, bila maji. Kutu nyekundu ya juu ipanguse kwa kitambaa cha pamba chenye tone la mafuta ya cherehani, uache ilale usiku, upanguse tena. Inayobaki baada ya mara tatu nne, iache. Mafuta ya nazi usiyatumie, yanachacha na kunata. Mfuko wa nailoni pia usiutumie, unafungia jasho ndani. Kizungushie kitambaa kikavu, ala yake kando, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu uvitie humo. Ngozi ikianza kutoa unga mwekundu, usiipake kitu, hilo ni la mtu wa makumbusho. Na ukijikata, osha jeraha upesi uende zahanati waone kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Kuhusu kuuza, nitamwambia kaka yako ukweli. Bei alizoziona ni za umbo la kwanza na la pili, au za visu vyenye karatasi za mwenyewe. Vya William Rodgers viko vingi sokoni, na thamani yake ni sehemu ndogo sana ya zile. Akikitangaza kama "kisu cha Burma, 1944" atakuwa amegeuka yule mtu wa tatu wa machozi niliyemtaja, na wanunuzi wa Ulaya wanaojua vitu hivi watamkamata kwa kusoma neno moja, England. Ongeza usumbufu wa kukisafirisha: kampuni nyingi za vifurushi zinakataa silaha zenye makali, na Uingereza imekaza mno sheria ya visu vinavyouzwa mtandaoni, hasa kwa ile ya 2019. Sisemi msiuze. Nasema mkiuza kwa jina lake halisi, pesa yake haitoshi kuwagombanisha na shangazi.

Kukiweka nyumbani, funga mahali watoto hawafiki. Kutembea nacho mjini, hata kwa kumwonesha rafiki, usithubutu; kina makali mawili na ncha, na askari wa doria hatasimama kusikiliza habari za Shanghai. Ukitaka kukipeleka kwa mtaalamu, kizungushie kitambaa, kitie kwenye boksi lililofungwa, beba barua inayoeleza ni nini na unakipeleka wapi. Kama unataka uhakika wa sheria kabla ya kukisafirisha, pita kituo cha polisi uulize, ni jambo la robo saa.

Kwa kisu peke yake sioni haja ya kumtafuta mtu zaidi. Alama yake imejieleza. Lakini ukikuta alama kwenye panga, hapo usiamini picha wala usiniamini mimi niliye mbali. Lipeleke makumbusho lishikwe na mtu mwenye kioo cha kukuzia na mizani. Kabla ya hapo nitumie picha mbili. Pangusa kwa kitambaa kikavu sehemu ya karibu na mpini, pande zote mbili, usiparue chochote. Moja ipige kwa mbali, panga zima likiwa pembeni ya rula. Ya pili ipige asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu, na flashi uizime.